Nafasi Inayobaki: Jometri ya Sebule Nyembamba

Watu wengi hulalamika kwamba sebule zao ni ndogo. Wakiulizwa ni ndogo kiasi gani, wachache tu hujibu kwa meta. Walio wengi hujibu kwa visa: mgeni aliyejigonga ugoko kwenye meza, mtoto anayeruka mkono wa kochi ili atoke nje, mlango unaofunguka nusu kwa sababu nyuma yake limesimama kabati. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba aghalabu sebule inalaumiwa bila haki. Sebule nyingi hazikosi eneo. Zinakosa upana mahali upana unapohitajika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwanafunzi aliyesoma jometri ya Kidato cha Pili anazo zana za kuyatenganisha.

Hebu tuchukue mfano. Sebule ina urefu wa meta 5 na upana wa meta 2.6, eneo lake ni meta za mraba 13. Mwenye nyumba ameagiza kwa seremala seti kamili ya makochi kama ilivyo desturi: kochi la watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. La kwanza lina urefu wa meta 1.9, la pili 1.4, na yale madogo 0.9 kila moja. Yote yana kina cha meta 0.85. Ukizidisha na kujumlisha utapata kwamba makochi yanachukua meta za mraba 4.3 hivi, yaani theluthi moja ya chumba. Ongeza meza ya katikati yenye meta 1 kwa 0.5, na kabati la televisheni lenye meta 1.5 kwa 0.45. Jumla yote ni meta za mraba 5.5, ambazo ni asilimia 42 ya eneo. Asilimia 58 ya sakafu ni tupu kabisa! Hata hivyo, ndani ya chumba hicho hakupitiki.

Sababu yake ni hii. Makochi yakipangwa kandokando ya kuta zote mbili ndefu, upana unaobaki ni 2.6 kutoa mara mbili ya 0.85, yaani meta 0.9. Ukiweka meza ya nusu meta katikati ya ujia huo, kila upande hubaki sentimeta 20. Magoti ya mtu aliyeketi hayatoshi humo, sembuse mtu anayepita na sinia la chai. Eneo tupu lipo, lakini limekatwakatwa kuwa vipande vyembamba visivyofaa kwa lolote. Kwa hiyo anayepanga samani hana budi kuitazama kwanza nafasi itakayobaki, kisha ndipo ayatazame makochi.

Kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vyumba hujengwa hivyo. Zipo sababu za viwanja na za fedha, lakini katika pwani yetu ipo sababu ya zamani zaidi, nayo ni ya fizikia.

Nyumba za mawe za Lamu, Unguja na miji mingine ya Waswahili zilikuwa na dari na sakafu za juu zilizobebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika delta na hori za pwani, kama vile Rufiji na visiwa vya Lamu. Juu ya boriti yalipangwa mawe ya matumbawe, kisha ikamwagwa chokaa. Huo ni mzigo mkubwa. Sasa, boriti iliyoegemea kuta mbili na kubebeshwa mzigo uliotandazwa sawasawa hubonyea katikati, na kiasi cha kubonyea hufuata kipeo cha nne cha urefu wake. Maana yake, ukiongeza umbali kati ya kuta mara mbili, bila kubadili unene wa mti wala uzito uliopo juu ya kila meta, boriti haibonyei mara mbili, bali mara 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16. Nguvu inayojaribu kuivunja pale katikati nayo huongezeka mara 4. Mafundi wa kale hawakuandika kanuni hiyo, lakini waliijua kwa macho na kwa madari yaliyoporomoka. Ndiyo maana upana wa ndani wa vyumba vyao kwa kawaida ulikuwa kati ya meta 2.5 na 3. Urefu wa chumba ungeweza kuongezwa apendavyo mwenye mali, kwa kuwa boriti hupangwa moja baada ya nyingine. Upana haukuwa na ruhusa hiyo. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, na huko pia nyumba za kale zina vyumba vyembamba kwa sababu ileile. Mti uliokatwa Rufiji uliamua upana wa sebule ya mtu wa ng'ambo ya bahari.

Wenyeji wa Lamu waliufanya nini huo msana wao mrefu kama mtumbwi? Hawakupanga vitu kandokando ya kuta ndefu. Vitanda viliwekwa kwenye ncha za msana, nyuma ya pazia, na katikati pakaachwa wazi kwa mikeka na watu. Vyombo viliwekwa katika zidaka zilizotengenezwa ukutani, ambazo hazichukui hata sentimeta moja ya sakafu. Ukitafakari utaona kwamba njia hiyo inaukata mstatili mrefu kuwa sehemu fupi zenye umbo la karibu na mraba, na kwamba vitu vizito vinakaa mwisho wa njia, si kando yake. Vitabu vya ng'ambo vya mapambo ya nyumba vinafundisha jambo hilohilo kama uvumbuzi mpya, tena vikianza na ushauri wa mahali pa kuweka viti kuzunguka moto wa kuotea baridi, ushauri usio na maana kwa mkazi wa Tanga au Mombasa.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, ilirithi vipimo hivyo hata boriti zilipoanza kuachwa. Leo mpangaji wa "chumba na sebule" mara nyingi hupata sebule ambayo ni njia pia: mlango mmoja unatoka nje, mwingine unaingia chumbani, na pengine wa tatu unakwenda jikoni. Milango hiyo ndiyo inayoamua mpango wa chumba, kuliko kuta zenyewe.

Hapa tugeuke kidogo tutazame umbo jingine ambalo huwasumbua wanunuzi wa samani za dukani, nalo ni duara. Katika nyumba ya msonge, kama zile za Wahaya wa Bukoba, ukuta umepinda, ilhali kabati limenyooka. Kabati likisogezwa ukutani, ncha zake mbili zitagusa na katikati patabaki pengo. Kwa ukuta wenye nusu kipenyo cha meta 3, kabati la upana wa meta 2 huacha pengo la sentimeta 17. Kabati la meta 1 huacha sentimeta 4 tu. Ukipunguza upana kwa nusu, pengo hupungua hadi robo hivi. (Mwanafunzi athibitishe kwa kanuni ya Pythagoras: 3 kutoa kipeuo cha pili cha 8, kisha 3 kutoa kipeuo cha pili cha 8.75.) Kwa hiyo nyumba ya duara inakubaliana na vitu vifupi vingi kuliko kitu kirefu kimoja. Na kigoda cha miguu mitatu kina sifa ya ziada: nukta tatu zisizo katika mstari mmoja daima zina bapa moja linalozipitia, hivyo hakiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde. Kiti cha miguu minne hakina dhamana hiyo.

Kupima kwa mkono, kupanga kwa karatasi

Turudi kwenye sebule yetu ya meta 5 kwa 2.6. Kabla ya kusogeza kitu chochote, inafaa kujua mwili wa binadamu unahitaji nafasi gani. Wazee wetu walikuwa na vipimo vilivyotoka mwilini: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, na wari mbili ni pima. Mkono ni sentimeta 45 hivi, wari 90 hivi, na pima karibu meta 1.8. Vipimo hivyo vinafaa sana katika kazi hii, maana vimechukuliwa kutoka kwa yuleyule atakayeketi na kupita. Kati ya kochi na meza iliyo mbele yake panatosha mkono mmoja: mtu hunyoosha miguu, na bado hufikia kikombe bila kuinuka. Njia kuu ya kupita inataka wari moja. Mzee mwenye mkongojo, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, hawezi kupunguziwa kipimo hicho.

Sasa chukua karatasi ya grafu na uchore chumba kwa skeli ya 1 kwa 20, ambapo meta 1 huwa sentimeta 5. Sebule yetu itakuwa mstatili wa sentimeta 25 kwa 13, unaoenea katika ukurasa wa daftari kubwa. Chora milango pamoja na tao ambalo kila mlango huchora unapofunguka. Watu wengi husahau tao hilo. Kata samani kwa karatasi ngumu kwa skeli hiyohiyo: kochi kubwa litakuwa sentimeta 9.5 kwa 4.25. Kisha sogeza. Kosa la karatasi ni la bure. Kosa la mninga hulipiwa fundi.

Tuseme mlango wa nje na dirisha vipo kwenye ukuta mfupi wa mbele, mlango ukiwa kulia na dirisha kushoto, na mlango wa chumbani upo kwenye ukuta mrefu wa kulia, ukianzia meta 2 kutoka mbele na kuishia meta 2.8. Kwanza paka rangi njia: ukanda wa wari moja unaofuata ukuta wa kulia kutoka mlango hadi mlango. Ukanda huo hauguswi. Mara utaona chumba kimejigawa chenyewe. Nyuma, kuanzia meta 2.8 hadi 5, pana eneo la meta 2.2 kwa 2.6 ambalo hakuna anayelipita kwenda kwingine. Hiyo ndiyo sebule ya kweli. Kochi kubwa liwekwe hapo kwenye ukuta wa kushoto, na kochi moja dogo kwenye ukuta wa nyuma likiangalia mlango. Upana unaobaki mbele ya kochi kubwa ni 2.6 kutoa 0.85, yaani meta 1.75; ukiacha mkono mmoja, kisha ukaweka meza nyembamba ya sentimeta 45, bado zitabaki sentimeta 85 hadi ukuta wa pili. Mbele kushoto, chini ya dirisha, kuna pembe ya upana wa meta 1.7. Hapo ni mahali pa meza ya mwanafunzi. Anayeandika kwa mkono wa kulia aketi dirisha likiwa kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya maandishi. Usiku, taa iwe karibu: mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, na daftari lililo meta 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga linaopata likiwa meta 1.

Kochi la watu wawili, je? Halina mahali. Karatasi imesema hivyo waziwazi, nami naona ni afadhali mtu alisikie neno hilo kutoka kwa karatasi kabla ya kulipa kuliko kutoka kwa mkewe, au mumewe, baada ya kulipa. Seti kamili ni desturi ya duka, chumba hakikushauriwa. Vigoda viwili vinavyoingia chini ya meza vitawakalisha wageni walewale wawili, na wakiondoka nafasi inarudi.

Jambo moja zaidi kuhusu dirisha. Katika pwani yetu, ambako kaskazi na kusi hupokezana mwaka mzima, mgongo mrefu wa kochi au kabati mbele ya dirisha ni sawa na kulijenga tofali. Samani ndefu zikae kwenye kuta zisizo na madirisha.

Viti vinavyozungumza

Tunapenda kupanga viti vyote ukutani, migongo ikigusa chokaa, na katikati tukaacha uwanja. Mpango huo unafaa kwa kuwapokea wageni wengi wa harusi au wa msiba, lakini kwa maisha ya kila siku una madhara ambayo yamechunguzwa. Mwaka 1957 daktari Humphry Osmond, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saskatchewan, Kanada, alieleza kwamba kuna mipango ya nafasi inayowavuta watu pamoja na mipango inayowatenga. Mwanasaikolojia Robert Sommer na mwenzake walilijaribu wazo hilo katika wodi ya wazee wa kike, ambao walikuwa wakikaa mchana kutwa kwenye viti vilivyopangwa kandokando ya kuta, bila kusemezana. Viti viliondolewa ukutani vikazungushwa kwenye meza ndogo. Baada ya majuma machache mazungumzo yalikaribia kuongezeka mara mbili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1958. Wazee walikuwa ni walewale, na wodi ileile.

Mmarekani Edward T. Hall, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, alipima umbali ambao watu wa nchi yake huuweka kati yao: kati ya sentimeta 45 na meta 1.2 kwa wanaojuana vizuri, na kati ya meta 1.2 na 3.6 kwa mambo ya kikazi na ya heshima. Yeye mwenyewe alionya kwamba vipimo hivyo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Sisi tunacho kielelezo chetu: daka la nyumba ya Lamu lenye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana mlangoni, karibu kiasi cha kusemezana bila kupaza sauti, mbali kiasi cha magoti kutogusana. Katika sebule yetu ya mfano, kochi kubwa na kochi dogo yanakutana kwa pembe mraba. Watu wawili walioketi hivyo wanaweza kutazamana bila kugeuza shingo kwa nguvu, na pia kutazama pembeni bila kuonekana wana dharau. Walioketi safu moja, kama abiria wanaongoja basi, hawawezi.

Kona ya ukumbi

Mpango ukishakubalika kwenye karatasi, bado samani lazima ziingie ndani. Hapa ndipo hesabu zinapokuwa na utamu. Tuseme ukumbi wa meta 1.2 unapinda kwa pembe mraba na kuwa ukumbi mwingine wa upana huohuo. Kochi linapofika katikati ya kuzunguka, likiwa limelala kwa digrii 45, ncha zake mbili hugusa kuta za nje na ubavu wake hugusa kona ya ndani. Kutoka kona ya nje hadi kona ya ndani ni 1.2 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani meta 1.70 hivi. Umbali huo ni lazima utoshe nusu ya urefu wa kochi pamoja na kina chake. Kwa kochi lenye kina cha meta 0.85, urefu unaoweza kupita ni meta 1.69 tu. Letu la meta 1.9 limekwama. Likilazwa kwa mgongo, na kimo chake kikiwa meta 0.75, urefu unaoruhusiwa hupanda hadi meta 1.89. Limekosa kwa sentimeta moja! Likisimamishwa wima kwa ncha, litapita bila taabu, mradi dari na vizingiti viko juu ya meta 1.9. Kabati nalo lina mtego wake: lenye kimo cha meta 2.35 na kina cha 0.6, lililoingizwa likiwa limelala, haliwezi kuinuliwa chini ya dari ya meta 2.4, kwa sababu ulalo wake ni meta 2.43.

Wanahisabati wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1966 Leo Moser wa Kanada aliuliza: katika ujia wenye upana wa 1 unaopinda kwa pembe mraba, ni umbo gani bapa lenye eneo kubwa kuliko yote linaloweza kupitishwa? Mstatili, wa aina yoyote, hauwezi kuzidi eneo la 1. Nusu duara hufikia 1.57. Mwaka 1968 Mwingereza John Hammersley alibuni umbo linalofanana na mkono wa simu ya zamani, lenye eneo la 2.2074. Mwaka 1992 Joseph Gerver, wa Marekani, alilirekebisha kwa mpaka wa vipande 18 akafikia 2.2195. Mwishoni mwa 2024 Jineon Baek wa Korea Kusini alitoa andiko la kurasa zaidi ya 100 lenye kuthibitisha kwamba umbo la Gerver haliwezi kuzidiwa. Miaka 58 kwa kochi moja, tena kochi ambalo hakuna seremala wa Keko atakayekubali kulitengeneza.

Lakini kona hiyohiyo ina swali ambalo si la mchezo. Machela ya mgonjwa ina urefu wa meta 2 na upana wa meta 0.55 hivi. Katika kona ya meta 1.2, kanuni yetu huruhusu urefu wa meta 2.29, na machela hupita. Sasa weka kabati jembamba na ndoo za maji kandokando ya ukumbi ili njia ibaki sentimeta 90 pande zote mbili za kona. Urefu unaoruhusiwa hushuka hadi meta 1.45. Ujia umepungua kwa robo tu, lakini machela haipiti tena. Na mgonjwa, tofauti na kochi, hasimamishwi kwa ncha. Mwenye mgonjwa au mzazi mkongwe nyumbani na apime kona hiyo kwanza, kabla ya kuwaza rangi ya vitambaa.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne: mti mwembamba unapitishwa kutoka ukumbi wa upana wa meta 1.2 kwenda ujia wa upana wa meta 0.8 unaokutana nao kwa pembe mraba. Chora kwa skeli, na kwa kusogeza rula pembeni mwa kona ya ndani utafute urefu mkubwa kabisa wa mti unaoweza kupita. Wenzao wa Kidato cha Sita walitafute jibu hilohilo kwa kalkulasi. Makundi yote mawili yanapaswa kukutana karibu na meta 2.8.